Je, wajua kwa nini Wahindu huiamsha, huiogesha na kuilisha sanamu?

Ukifika katika hekalu la Swaminarayan, mojawapo ya madhehebu ya Kihindu, saa nane mchana, iwe Ahmedabad, Nairobi au Mombasa, huenda ukakuta pazia limeshushwa mbele ya sanamu. Usidhani hekalu limefungwa. Chakula cha mchana kimeshatolewa na sasa Mungu anapumzika. Siku imepangwa hivi: alfajiri huamshwa kwa arati ya mangala, yaani ibada ya kuzungusha taa, huogeshwa na kuvishwa, kisha huja arati ya shangar, karibu na adhuhuri huandaliwa mlo mkuu, rajbhog, jua likitua ni sandhya, na kabla ya kulazwa ni shayan. Arati tano, kila siku ya mwaka. Huko Nathdwara, Rajasthan, ambako Krishna, mojawapo ya maumbo ya Mungu, huabudiwa akiwa bado mtoto, pazia hufunguliwa mara nane kwa siku, na baridi ikiingia mtoto huyo huvishwa nguo nzito za pamba.

Hapa tunawazungumzia Wahindu, wafuasi wa dini. Mhindi wa mtaani kwenu anaweza kuwa Mbohora, Mwismailia, Kalasinga au Mkatoliki wa Goa, na haya yote yasimhusu.

Basi, je, Wahindu wanaamini kwamba jiwe lina njaa na usingizi? Hapana. Jibu limo katika namna wanavyomwelewa Mungu, na katika namna Wahindi wa kale walivyompokea mgeni.

Tuanze na Mungu. Upanishad, maandiko ya kale ya Kisanskriti, hufundisha kuhusu Brahman: uhai na ukweli usio na mwanzo, mwisho wala umbo, uliomo ndani ya kila kitu. Ndani ya kila kiumbe imo atman, nafsi isiyokufa, ambayo huvaa mwili na kuuacha, huzaliwa tena na tena, ikivuna matendo yake, ambayo ndiyo karma, mpaka ipate ukombozi, moksha. Wanazuoni wao wamebishana karne nyingi kuhusu atman na Brahman. Shankara alisema ni kitu kimoja. Madhva akasisitiza kwamba ni viwili daima. Lakini kwa wengi wao, asiye na umbo anaweza kukubali kukaribiwa kwa umbo. Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, katika sura ya 12 inakiri wazi kwamba njia ya kumwelekea asiyeonekana ni ngumu zaidi kwa mwenye mwili. Ndiyo maana kuna maumbo kama Vishnu, Shiva, Devi, Ganesh na mengine, na kila nyumba, hata kila mtu, huwa na yule ambaye moyo wake umemwegemea.

Sasa mgeni. Taittiriya Upanishad ina wosia ambao mwalimu humpa mwanafunzi anayehitimu: mama na awe mungu kwako, baba na awe mungu kwako, mwalimu na awe mungu kwako, mgeni na awe mungu kwako. Puja, ibada ya kila siku, ni wosia huo uliogeuzwa upande wa pili: mgeni hupokelewa kama Mungu, na Mungu hupokelewa kama mgeni.

Hili huonekana wazi ukiifuata puja kamili, ambayo ina huduma 16. Mwenye kuabudu hutulia na kumtafakari anayemwita, kisha humkaribisha. Humpa mahali pa kukaa. Humpa maji ya kunawa miguu, maji ya mikono, maji ya kusukutua. Humwogesha, humvisha nguo, humvisha uzi mtakatifu, humpaka sandali, humpa maua, humfukizia udi, humwashia taa, humwandalia chakula. Baada ya chakula huja tambuu na popoo. Mwisho humsujudia, humzunguka kwa kuume na kumuaga. Orodha hutofautiana kidogo kati ya madhehebu, lakini mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake: maji, kiti, manukato, chakula, tambuu. Ndivyo mgeni aliyetoka safari ya mbali anavyopokelewa.

Mgeni huja na huondoka, na hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo wanaosema "wanaabudu mawe" hawalioni. Sanamu inapotoka kwa mchongaji haiabudiwi. Katika hekalu hufanyiwa kwanza ibada ya prana pratishtha, ya kuomba uhai wa Mungu ukae humo. Kabla ya hapo sanamu hulazwa ndani ya maji, kisha ndani ya nafaka, na macho yake hufunguliwa mwishoni kabisa. Pujari, yaani kuhani, huweka kioo mbele ili mtazamo wa kwanza uangukie humo badala ya kumwangukia mtu.

Uhai ulioalikwa huweza pia kuagwa. Katika sikukuu ya Ganesh, hasa Mumbai na Maharashtra nzima, familia hununua sanamu ya udongo na kuialika nyumbani kwa siku moja na nusu, 5, 7 au 10. Siku ya mwisho hufanyiwa ibada ya kuaga, na mwenye nyumba huisogeza kidogo tu pale ilipokaa, ishara kwamba safari imeanza. Kisha hupelekwa majini huku watu wakiimba kwa Kimarathi wakimwomba arudi upesi mwaka ujao. Udongo huyeyuka na kurudi ulikotoka. Shida iliyozuka ni sanamu za plasta, ambazo ni nyepesi na rahisi kutengeneza lakini haziyeyuki: siku ya pili hukutwa vipandevipande ufukweni, na rangi zake huchafua maji. Mwaka 2020 mamlaka ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo wa kuzikataa, na wengi sasa wamerudi kwenye udongo na hutumia ndoo au tangi dogo.

Mfano mzito zaidi uko Puri, Odisha, katika hekalu la Jagannath, jina mojawapo la Krishna. Sanamu zake kuu ni za mbao za mwarobaini, nazo hubadilishwa kila baada ya miaka 8, 12 au 19, kutegemea ni lini kalenda ya Kihindu, inayofuata mwezi mwandamo, inaongeza mwezi wa pili wa Ashadha katika mwaka mmoja. Mara ya mwisho ilikuwa 2015. Usiku wa manane makuhani wazee, macho yamefungwa na mikono imeviringwa vitambaa, huhamisha kutoka sanamu kuukuu kwenda mpya kitu ambacho hakuna anayeruhusiwa kukiona. Mbao za zamani huzikwa ndani ya ua wa hekalu. Anayeamini kwamba kigogo chenyewe ndicho Mungu hawezi kukizika na kuchonga kingine.

Nyumbani wengi hawafanyi huduma zote 16. Hutosheka na 5: sandali, ua, udi, taa na chakula, na kwa dakika 15 mtu amemaliza. Huoga kwanza, huvua viatu, hukaa akielekea mashariki au kaskazini. Sandali hupatikana kwa kusugua kijiti juu ya jiwe kwa matone machache ya maji. Ukizidisha maji itachuruzika mpaka machoni pa sanamu. Hupakwa kwa kidole cha pete. Maua yasiwe yamenuswa, kwa kuwa mgeni hapewi kilichokwisha kutumiwa. Shiva hupelekewa majani ya bilva. Vishnu na Krishna hupelekewa tulasi, jamii ya mrihani. Ganesh nyasi za durva. Kikikosekana kitu chochote, punje za mchele hushika nafasi yake, mradi ziwe nzima. Mchele wa chenga haufai.

Kuogesha kuna makosa yake. Mchanganyiko wa vitu vitano ni maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Kwa sanamu ndogo ya shaba kijiko kimoja cha kila kimoja kinatosha, na maji safi hufuata. Usiuchanganyie katika chombo cha shaba nyekundu, maana uchachu wa mtindi huila shaba na mchanganyiko huharibika, nao utanywewa baadaye. Sanamu ya udongo au ya kupakwa rangi haimwagiwi kabisa: huchovywa ua katika maji, likanyunyiza tone mojamoja.

Taa ndiyo inayowasumbua wanaoanza. Utambi wa pamba usiolowa samli mpaka katikati huwaka juu tu, hutoa moshi mweusi na kuzimika katikati ya wimbo. Uloweke mapema katika samli iliyoyeyushwa, na uzime feni. Wengine hutumia kipande kidogo cha karafuu maiti, ambayo huungua yote bila kuacha majivu, nao huona humo picha ya ubinafsi unaopaswa kuteketea. Mkono wa kushoto hupiga kengele, wa kulia huzungusha taa kuelekea kuume: desturi iliyoenea ni mara 4 miguuni, 2 kitovuni, 1 usoni, na 7 mwili mzima. Kisha taa huletwa kwa watu. Kila mmoja hupitisha viganja juu ya mwali na kuvigusisha machoni. Mwali hauzimwi kwa kupuliza, kwa sababu pumzi na mate ya mtu hayaelekezwi kwenye kitu kilichotolewa.

Chakula nacho hakionjwi jikoni. Mpishi hukadiria chumvi kwa macho na uzoefu, kwani wa kwanza kula si yeye. Wafuasi wa Vishnu hawatii nyama, na wengi wao hata vitunguu na vitunguu saumu. Msingi wake ni ahimsa, kutoumiza viumbe, pamoja na utulivu wa akili. Lakini si Wahindu wote walio hivyo: katika hekalu la Kamakhya, Assam, mbuzi huchinjwa hadi leo kwa ajili ya Mungu wa kike.

Na wapo wanaoikataa sanamu moja kwa moja. Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mjini Mumbai mwaka 1875 na kufika Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, hushikamana na Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, na huabudu mbele ya moto, wakimimina samli na mchanganyiko wa mimea huku wakitamka "svaha". Kwao hiyo ndiyo ibada halisi ya kale, na mjadala huo kati ya Wahindu wenyewe haujaisha.

Kwenye sanamu, chakula kilichotolewa hurudi kwa watu kikiitwa prasad. Haulizwi mtu ni wa ukoo gani wala dini gani. Ukipewa, pokea kwa kiganja cha kulia kikiwa juu ya cha kushoto, na ule. Ukiwa na sababu ya kiimani au kiafya ya kutokula, kataa kwa upole kabla hakijawekwa mkononi, maana kikishapokewa hakiachwi sakafuni wala hakitupwi.