Roketi ni fuso tu, mzigo ndo wa kugombania

Kila SpaceX wakirusha kitu mi napata meseji za watani, eti nyie watu wa hali ya hewa mnangoja nini, si serikali iwaachie tu kampuni binafsi kazi yote. Nawaelewa, roketi inayorudi kutua yenyewe inanoga kuitazama, ila hapo mnachanganya vitu viwili, roketi na kile ilichobeba.

Roketi ni fuso. Ukihama nyumba unakodi fuso, hununui. Tarehe 25 Juni 2024 Wamarekani walirusha GOES-U, satelaiti ya hali ya hewa ya NOAA, idara yao ya bahari na anga (sa hivi inaitwa GOES-19), kwa Falcon Heavy, roketi ya SpaceX, kutoka Florida, na mkataba wa kuirusha ulikuwa dola milioni 152 na kitu. Watu wakasema mapinduzi. Mapinduzi gani bana, ndugu zake watatu wa 2016, 2018 na 2022 walipanda roketi ya Atlas V ya ULA, ambayo nayo ni kampuni, ya Boeing na Lockheed Martin, kwa hiyo kilichobadilika ni dereva. Hata satelaiti yenyewe imeundwa na Lockheed Martin. Serikali imebaki na jambo moja, kuamua ipime nini na data apewe nani. Ulaya nao ni hivyo hivyo, satelaiti yao ya MTG-S1 ilikuwa ipande Ariane 6, roketi ya Ulaya wenyewe, EUMETSAT, shirika lao la satelaiti za hali ya hewa, wakageuza 2024, ikaruka na Falcon 9 ya SpaceX Julai 2025, Wafaransa wakanuna weee. Mi nikifungua picha ya Meteosat, satelaiti ya hao EUMETSAT, asubuhi kuangalia mawingu ya Bahari ya Hindi hata sikumbuki lilikuwa fuso la nani.

Sasa kuuza mzigo wenyewe ndo balaa, na walishajaribu. 1983 Reagan, rais wa Marekani wakati huo, alitaka kuuza satelaiti za hali ya hewa pamoja na Landsat, zile zinazopiga picha ardhi. Bunge lao likagoma kwa za hali ya hewa, ila Landsat likairuhusu, sheria ikapita 1984 na kampuni ya EOSAT ikashika usukani. Picha moja ikapanda mpaka zaidi ya dola 4,000, na mtu anayefuatilia msitu unavyoliwa mwaka hadi mwaka anahitaji picha kibao, sijui hela angezitoa wapi. Wanunuzi wakapungua, 1989 ikabaki kidogo tu Landsat 4 na 5 zizimwe kwa kukosa hela, 1992 sheria nyingine ikaurudisha mradi serikalini, na Landsat 6 iliporushwa 1993 haikufika hata kwenye mzingo, njia yake ya kuzunguka dunia. Halafu 2008 wakaamua picha ziwe bure. Mwaka 2001, ambao ndo mauzo yalikuwa juu, zilitoka kama 25,000, zilipokuwa bure mwaka wa kwanza tu watu wakapakua zaidi ya milioni!

Na ile apu ya mvua kwenye simu yako, nyingi zinachota GFS, modeli ya kompyuta ya utabiri ya NOAA, ya bure kabisa, zinaipaka rangi na kuweka matangazo. Sina kinyongo, acha watu wapate riziki. Ila 2005 seneta Santorum wa Pennsylvania, jimbo la AccuWeather, kampuni ya kuuza utabiri, alipeleka muswada wa kuizuia idara ya hali ya hewa ya Marekani kutoa huduma ambayo kampuni zinaweza kutoa, ukiacha tahadhari za hatari. Yaani mwananchi alipie satelaiti kwa kodi halafu alipie tena kusoma ilichoona. Muswada ukafia huko huko.

Kununua data kwa kampuni sikatai, NOAA wananunua za kampuni ya Spire yenye satelaiti zake na zinasaidia modeli. Mi kwenye mkataba naangalia kipengele kimoja kwanza, je nchi jirani inaruhusiwa kupewa hiyo data? Maana utabiri wa hapa unapikwa na vipimo vya kwingine, vya baharini, vya nchi za watu, ndo maana 1995 nchi za WMO, shirika la hali ya hewa duniani, zilikubaliana kubadilishana data za msingi bure. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja Mafia Mei 2024, TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa Tanzania, walikifuatilia siku kadhaa kikiwa bado huko baharini, mbali na vituo vyetu vya nchi kavu.