Anga si dari: yale tunayodhani kuhusu nyota na galaksi

Kila ninapokaa nje usiku na vijana, kabla hata macho hayajazoea giza, kuna mmoja ataisema: "Lakini si nyota zote hizi zimeshakufa? Tunachoona ni nuru yake tu." Huisema kwa sauti ya chini, kama anayefichua siri, na wenzake hutikisa vichwa kukubali. Nusu ya maneno hayo ni kweli, tena kweli nzuri mno, na ndiyo maana nusu ya pili hupita bila kuulizwa.

Nimekuja kuamini kwamba dhana potofu nyingi kuhusu nyota zina mzizi mmoja: tunaliona anga kama dari, na nyota kama taa zilizopigiliwa juu yake, zote kwa umbali uleule. Kijana akishalitoboa dari hilo kwa akili yake, mengine hufuata.

Dhana: Nyota tunazoziona zimeshakufa zamani

Nuru husafiri, na safari huchukua muda. Kutoka kwenye Jua hadi kwetu ni dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kutoka Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ni miaka 8.6. Mtoto wa miaka 9 anayeitazama usiku wa leo anapokea nuru iliyoanza safari yeye akiwa bado anajifunza kukaa. Nuru ya Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, ina miaka 440 hivi njiani.

Sasa linganisha na umri wa nyota zenyewe. Jua lina miaka bilioni 4.6 na limebakiza kama bilioni 5. Hata nyota kubwa sana, zinazomaliza akiba yao upesi, huishi mamilioni ya miaka. Na karibu nyota zote tunazoweza kuziona kwa macho matupu ziko ndani ya miaka elfu chache tu ya nuru. Chukua nyota inayoishi miaka milioni 10, nuru yake ikitufikia baada ya miaka 2,000. Ukiyapunguza hayo hadi maisha ya mtu wa miaka 80, ni barua aliyoiandika siku sita zilizopita. Ukipokea barua ya namna hiyo, hudhani mwandishi ameshafariki.

Mara nyingi hapo hutajwa Betelgeuse, ile nyekundu begani mwa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion. Ni kweli imezeeka. Wanafalaki wanakadiria italipuka katika miaka 100,000 hivi ijayo, na siku nuru ya mlipuko huo itakapofika, itaonekana hata mchana. Lakini iko kwenye umbali wa miaka ya nuru kati ya 500 na 700, kwa hiyo uwezekano kwamba imeshalipuka nasi hatujui ni mdogo sana. Nyota ulizoziona jana zipo.

Na mwaka wa nuru, kwa kuwa tumeshautaja, ni kipimo cha umbali. Si muda. Ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, kilomita trilioni 9.46 hivi.

Dhana: Nyota za kundi moja ni majirani

Mwangalie Jabari tena. Mabega yake ni Betelgeuse na Bellatrix, mguu mmoja ni Rigel. Bellatrix iko miaka ya nuru 250 hivi kutoka kwetu, Rigel zaidi ya 800. Kinachoziunganisha ni mahali tuliposimama sisi. Ungeweza kwenda mbali vya kutosha pembeni, Jabari angesambaratika, kama watu wanaoonekana wamepanga mstari hadi utakapopiga hatua kadhaa na kugundua kila mmoja yuko kivyake. Kilimia ni tofauti: nyota zake zilizaliwa pamoja kutoka wingu moja na bado zinasafiri pamoja.

Ili umbali huu uingie akilini, mimi hutumia gololi yenye upana wa sentimita 1. Hilo ndilo Jua. Piga hatua moja ndefu, mita 1 na kidogo, kisha weka chembe ya vumbi isiyoonekana vizuri. Hiyo ndiyo Dunia. Halafu nauliza: gololi inayofuata, yaani nyota iliyo jirani kuliko zote, Proxima Centauri, tuiweke wapi? Vijana huonyesha ukuta, au mti ulio mbele. Jibu ni kilomita 290 hivi. Huwa nanyamaza kidogo hapo. Ukimya huo unafundisha zaidi ya maneno yangu.

Dhana: Anayesoma nyota anaweza kukutabiria

Huo ni unajimu. Falaki hupima: umbali, joto, uzito, mwendo. Tena Jua, katika mzunguko wake wa mwaka mbele ya makundinyota, hupita pia katika Ophiuchus kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba, na kundi hilo halimo kabisa katika orodha ya zile nyota 12 za watabiri.

Dhana: Jua ni moto mkubwa

Moto tunaoujua unahitaji oksijeni na kitu cha kuteketeza. Kama Jua lingekuwa makaa yanayoungua, lingekwisha kwa miaka elfu chache tu. Kinachofanyika ni kitu kingine. Ndani kabisa, kwenye joto la nyuzi milioni 15, viini vya hidrojeni hubanwa hadi vinaungana kuwa heli, na kila sekunde tani milioni 4 hivi za maada hugeuka kuwa nishati. Jua linapungua uzito huku likituangazia.

Ugunduzi kwamba nyota ni hidrojeni na heli kwa sehemu kubwa mno una kisa ambacho sipendi kijana yeyote akikose. Mwaka 1925 mwanamke kijana, Cecilia Payne, alilithibitisha hilo katika tasnifu yake kwa kuchambua nuru ya nyota. Wakati huo wakubwa wa fani waliamini nyota zimeumbwa kwa mchanganyiko unaofanana na wa Dunia. Mmoja wao, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, na Payne akaandika kwamba matokeo yake mwenyewe karibu hakika si halisi. Miaka minne baadaye Russell alifika palepale kwa njia yake, akakiri kwamba Payne alikuwa sahihi.

Rangi nazo huwachanganya wengi, kwa sababu bomba la maji ya moto huwekewa alama nyekundu na la baridi buluu. Kwa nyota ni kinyume. Chuma tanuruni huanza kuwa chekundu, kikizidi joto huwa cha manjano, kisha cheupe. Betelgeuse nyekundu ina nyuzi 3,000 na ushei usoni mwake, Jua 5,500, na Rigel yenye ubuluu kama 12,000.

Dhana: Nyota huanguka

Ule mstari wa nuru ni kimondo. Chembe ya vumbi, mara nyingi isiyozidi punje ya mchanga, inaingia kwenye angahewa kwa kasi kubwa na kuteketea kilomita 100 hivi juu yetu. Hakuna nyota iliyopungua.

Dhana: Shimo jeusi hufyonza kila kitu

Shimo jeusi ni mahali ambapo uvutano ni mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki. Lakini Jua likibadilishwa leo kwa shimo jeusi lenye uzito uleule, Dunia ingeganda kwa baridi, lakini ingeendelea kuzunguka kwenye njia yake ileile. Uvutano hutegemea uzito na umbali. Katikati ya galaksi yetu, lile kusanyiko kubwa la nyota ambalo Jua letu limo ndani yake, lipo shimo jeusi lenye uzito wa Majua milioni 4, na nyota zimeonekana zikilizunguka, mojawapo kwa miaka 16 tu kwa mzunguko, bila kumezwa. Andrea Ghez na Reinhard Genzel walizifuatilia kwa miaka mingi na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Dhana: Tumepiga picha ya galaksi yetu kutoka nje

Zile picha za Njia Nyeupe yenye mikono iliyojipinda ni michoro, au ni picha za galaksi nyingine. Voyager 1, chombo kilichofika mbali kuliko vyote, kiliondoka 1977, na umbali wake ni kama safari ya nuru ya siku moja. Galaksi yetu ina upana wa miaka ya nuru kama 100,000. Sisi tumo ndani, miaka ya nuru 26,000 kutoka katikati, na ule ukanda mweupe unaokatiza anga ni galaksi yetu ikionekana kwa ubavu kutoka ndani yake. Galileo alipouelekezea darubini, aliona ni nyota tupu zilizosongamana.

Dhana: Bila darubini huoni kitu

Unahitaji giza, na dakika 20 hadi 30 bila kuangalia simu. Basi. Al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, hakuwa na darubini mwaka 964 alipoandika kuhusu kiwingu kidogo katika kundi la nyota la Andromeda. Ilichukua hadi 1923 ndipo mwanafalaki Edwin Hubble akapata humo nyota ya kupimia umbali, na ikajulikana kwamba kile kiwingu ni galaksi nyingine kamili. Iko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka kwetu.

Kitafute Oktoba au Novemba, saa za mwanzo za usiku, upande wa kaskazini ukiwa kwenye ikweta, na karibu utosini ukiwa kaskazini zaidi. Ukikikodolea macho kitapotea. Tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu ukingo wa jicho huhisi nuru hafifu kuliko katikati, na kitarudi: ukungu mdogo wenye umbo la yai, nuru iliyoondoka kabla hakujakuwa na mtu wa kuitazama.