Tunachokosea kuhusu vyombo vya mbao: mkuku, pamba, sifa na rangi

Ukipita Nungwi kule Unguja, Matondoni kisiwani Lamu au Chole karibu na Mafia, utakuta watu wamesimama mbele ya mashua iliyokwisha kupakwa rangi, wanaipiga picha. Hatua chache nyuma yake kipo chombo kingine juu ya magadi, yaani magogo ya kukiegemeza nchi kavu, mbao bado za kijivu, na fundi amechuchumaa anagonga pamba kwenye nyufa. Huyo hapigwi picha sana. Naamini makosa mengi tunayoyasema kuhusu ufundi huu yanaanzia hapo: tunakitazama chombo kikiwa kimekwisha, halafu tunakadiria kilivyoundwa.

«Fundi hana vipimo, anakisia tu»

Mchoro wa karatasi hana, hilo kweli. Vipimo anavyo, na vimekaa katika uwiano. Jambo la kwanza ambalo fundi na mwenye chombo hukubaliana ni urefu wa mkuku, ule mti wa chini kabisa ulio uti wa mgongo wa chombo. Ukishajulikana mkuku, mengine hutoka humo: chombo kipanuke kiasi gani tumboni, kiinuke kiasi gani upande wa omo, yaani mbele, mlingoti usimame wapi. Mkononi ana uzi wa kupigia mstari, timazi, dhiraa, na kiolezo cha ubao ambacho akishakitumia upande wa kulia hukigeuza akaukata wa kushoto ulingane nao. Jicho huja juu ya vyote hivyo, na limefunzwa kwa miaka ya kumfuata fundi mkubwa, kuanzia kushika ncha ya pili ya msumeno.

Kuna watu huyaona mataruma, zile mbavu za ndani, yamepinda kila moja kwa namna yake, wakasema fundi ametumia matawi kwa sababu hana mashine ya kuchonga mbao safi. Mambo ni kinyume kabisa. Ukichukua ubao ulionyooka ukaukata kwa msumeno ili upinde, unakata nyuzi za mti, na bahari itaupasua hapo hapo ulipozikata. Tawi lililojipinda lenyewe nyuzi zake zimefuata pindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana fundi huzunguka mashambani na kwenye mikoko akitazama miti kwa umbo zaidi kuliko kwa unene. Mlilana, mkomafi, mwembe, mfenesi: mti ambao seremala wa makabati angeukataa kwa kupinda kwake, yeye anaushukia kwa tezo, shoka lake la kuchongea. Miti iliyonyooka, kama mvule, mbambakofi au mtondoo, ina kazi zake kwingine, kwenye mkuku, mbao za ubavu na mlingoti.

«Vyombo vya kushonwa vilikuwa dhaifu, misumari ndiyo iliyoleta uimara»

Hili nalipinga kwa nguvu zote. Kabla ya misumari kuenea, vyombo vya bahari hii vilishonwa: mbao zilitobolewa kandokando, zikaunganishwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, Periplus, tayari kinataja mashua za kushonwa kwenye pwani yetu. Hapo hapo inaanguka dhana nyingine, kwamba ufundi wa vyombo uliletwa wote na wageni ukiwa umekamilika. Tumepokea mengi kutoka Uarabuni, India na hata kwa Wareno, na matengo ya ngalawa, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, yana undugu na yale ya visiwa vya mbali vya mashariki. Lakini watu wa hapa walikuwa majini zamani, na mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani hii, ulikuwa wao.

Wengine walieleza sababu ya kushona kwa hadithi ya ajabu: eti baharini kuna miamba ya sumaku inayochomoa misumari. Uvumi huo ni wa kale kiasi kwamba mwanahistoria Procopius aliukanusha katika karne ya 6, akisema merikebu za Warumi katika Bahari ya Shamu zilikuwa na chuma kingi na hazikupatwa na lolote. Maelezo ya maana aliyatoa Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aliandika kwamba bahari hii ina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga huvunjika, ila cha kushonwa kina mnyumbuko, hivyo hakitawanyiki.

Na imejaribiwa katika zama zetu. Mwaka 1980 jahazi la kushonwa, Sohar, liliundwa Sur, Oman, likasafiri hadi Guangzhou, China, na kufika Julai 1981. Mwaka 2010 jingine, Jewel of Muscat, lilitoka Oman mpaka Singapore. Mtepe wenyewe, wenye tanga lake la mkeka, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2003 uliundwa mmoja wa ukubwa kamili kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar. Kilichouondoa ni gharama ya kuutunza: kamba huchoka, chombo kinataka kushonwa upya, na maji huingia kila mara hata mabaharia wakawa hawaachi kuyakumba. Msumari ulipunguza kazi hiyo.

Tena msumari wenyewe haupigiliwi ovyo. Fundi hutoboa kwanza tundu kwa keekee, ile ya upote inayovutwa mbele na nyuma, ili ubao usipasuke. Kisha huchukua uzi wa pamba uliolowa mafuta, akauzungushia msumari chini ya kichwa, ndipo aupige. Kichwa kinapozama, ile pamba inabanwa na kuziba njia ya maji. Bila hivyo chuma kitashika kutu, kutu itaulegeza ubao kwa ndani, na baada ya miaka michache utaona doa jeusi kuzunguka kila msumari.

«Chombo kipya kikivuja, fundi kaharibu»

Karibu kila chombo kipya cha mbao huvuja siku za mwanzo, na anayekijua hakutani na mshangao wowote. Mbao zilizokaa juani kwa miezi zimesinyaa. Kikishuliwa, kwa kawaida wakati wa bamvua maji yanapopanda juu kabisa, mbao hunywa, hufura, na kubanana. Kinachofanya kubanana huko kuzae matunda ni kalafati. Pamba husokotwa iwe kama utambi mnene, hulowekwa mafuta, halafu husukumwa ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, mkunjo juu ya mkunjo. Ikilegea, maji huisukuma ndani. Ikikazwa kupita kiasi, mbao zikifura zinaweza kusukumana hadi misumari ing'oke. Fundi mzoefu hujua kiasi kwa sauti ya nyundo. Inabadilika ufa unaposhiba. Mimi hupenda kuwasikiliza wakiwa wawili upande mmoja wa jahazi, maana wanapishana mapigo bila kutazamana.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni kama uvujaji unapungua. Ukizidi siku baada ya siku, hapo pana ubao uliopasuka au kalafati iliyoruka.

«Rangi ndiyo inayozuia maji»

Hii ndiyo dhana inayoua vyombo vingi kuliko zote. Rangi haizibi mwanya. Mbao zinafura na kusinyaa kila siku, na ngozi nyembamba ya rangi iliyonyooshwa juu ya ufa lazima ikatike. Kazi yake ni nyingine, na ni kubwa: huzuia jua lisichome uso wa mbao na mvua isiingie kwenye nyuzi zake. Jua la pwani likipiga mti mtupu, uso wake huwa wa kijivu, huparara na kufunguka vijufa vidogo ambavyo maji ya mvua hujificha humo.

Ubao mbichi ukipakwa rangi nzito, unyevu uliomo hutafuta pa kutokea, rangi ikavimba malengelenge na kubanduka vipande. Ndiyo sababu fundi makini hungoja ubao ukauke, hupiga msasa, huzimua koti la kwanza ili lizame ndani, na huacha kila koti likauke kabla ya jingine. Ncha za mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa maji kuliko ubavu, kwa hiyo hizo hupewa rangi au mafuta mara mbili tatu. Mpakaji wa haraka huzipita.

Hata uchaguzi wa rangi una sababu. Ubavu mweusi au wa buluu iliyoiva hupata moto sana juani, mbao zikasinyaa na nyufa kufunguka. Nyeupe na rangi nyingine nyepesi huuacha ubao ukiwa baridi. Wenye kutaka chombo cheusi wana haki yao, ila wajiandae kukalafati mara kwa mara. Ndani, ngamani, yaani chini kabisa ya chombo, mara nyingi ni afadhali kupaka sifa, mafuta ya ini la papa, kuliko kufunika mbao kwa rangi, kwa kuwa mafuta huingia ndani ya mti na kuuacha upumue. Yananuka, hilo halifichiki.

Macho yanayochongwa na kupakwa rangi kwenye majahazi ya Lamu, zile duara za pande mbili za chombo, wengine huyaita uchawi. Ni nakshi ya kale ya kukipa chombo sura na heri, na mara nyingi huwa na mwezi na nyota.

«Maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha mbao»

Kinachoozesha ni fangasi, na fangasi hustawi penye maji yasiyo na chumvi na hewa. Chumvi huwazuia. Mahali pabaya zaidi pa chombo ni pale mvua inapotuama: kwenye kona ya sitaha, chini ya mbao za kukanyagia, nyuma ya taruma lisilo na upenyo wa maji kupita. Baharia anayeosha sitaha yake kwa maji ya bahari anaitunza. Anayekiacha chombo wazi masika nzima, kimejaa maji ya mvua, ndiye anayekiozesha, hata kama kiko nchi kavu.

Bahari ina adui wake mwingine, na hapa pia tunakosea. Yule anayebungua mbao chini ya maji tunamwita mdudu, au funza, kwa kuwa ana mwili mrefu laini. Kwa kweli ni jamaa wa chaza na kombe. Magamba yake mawili yamebaki madogo kichwani, na ndiyo anayotumia kusagia mti. Huingia akiwa mdogo sana, kwa kitundu usichokiona, kisha hukua ndani kwa ndani. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje, na ukiuvunja ukaukuta matundu matupu.

Wazee waliijua dawa. Chombo hupandishwa, hukwanguliwa, halafu makuti hukokwa moto na kupitishwa chini yake ili kuua kilichoanza kuingia, bila kuunguza mbao. Kisha hupakwa deheni: chokaa na shahamu, yaani mafuta ya wanyama, vilivyokorogwa pamoja. Vitu hivi viwili vikikutana hufanya aina ya sabuni isiyoyeyuka majini, ikang'ang'ania mbao na kumzuia mbunguzi. Siku hizi zipo rangi za dukani zenye sumu ya shaba kwa kazi hiyo hiyo, na zinafaa, ila kila moja huisha nguvu. Asiyekipandisha chombo chake kwa ratiba atakuja kukipandisha kwa msiba.

«Ufundi huu unakufa kwa sababu vijana hawautaki»

Wapo wasioutaka. Lakini tatizo la mbao ni zito zaidi. Mvule na mbambakofi ni adimu na ghali, mikoko inalindwa kwa haki, na mwaka 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwemo, jambo lililowagusa mafundi wa Lamu moja kwa moja. Papa nao wamepungua, na sifa pamoja nao. Kijana anayeona fundi wake anakaa miezi akingoja mti hawezi kulaumiwa akichagua bodaboda.

Ufundi wenyewe una uhai mkubwa kuliko malighafi yake. Mwaka huo huo wa 2018, Lamu ilishuliwa Flipflopi, dau la karibu mita 10 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, na kuvikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Fundi mkuu Ali Skanda na wenzake walichonga mkuku na mataruma ya plastiki kwa njia zile zile za mbao, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Sitaki majahazi yote yawe ya plastiki. Nataka miti ya kuundia ipandwe sasa, kwenye mashamba ya pwani, na mafundi waulizwe ni ipi na ikatwe ikiwa na umbo gani.

Na kama unanunua mashua iliyokwisha tumika, usiitazame ikiwa majini na rangi yake mpya. Omba ipandishwe juu ya magadi. Gonga mbao za chini kwa kitako cha nyundo. Penye mlio mkavu pazima, penye mlio mzito au wa uwazi pana shaka. Chomeka ncha ya kisu kwenye maungio ya mkuku na mbao za kwanza, na kwenye miguu ya mataruma ambako mvua hutuama. Inua mbao za kukanyagia uangalie ngama. Kisha muulize muuzaji ilikalafatiwa lini mara ya mwisho, na nani aliyeikalafati. Akikujibu kwa kutaja rangi aliyoipaka, punguza bei au uondoke.