Je, Wajua Kwa Nini Sukari ya Wafo za Liège Haiyeyuki Yote?

Ukitia sukari kwenye unga wa maandazi, ukaukanda, ukauacha uumuke kisha ukachoma, hutaiona tena ile sukari. Utaonja utamu wake tu. Wafo ya Liège haiko hivyo. Ni mkate mtamu wenye visanduku visanduku, asili yake mji wa Liège, mashariki mwa Ubelgiji, na ukiuuma unakutana na punje nzima za sukari zinazovunjika chini ya meno, huku ganda la nje likiwa limepakwa karameli ya kahawia inayonata vidoleni. Punje zote zilitiwa pamoja kwenye unga mmoja, zikaingia pamoja kwenye chuma kimoja cha moto kwa dakika tatu au nne. Za nje zimeyeyuka, za ndani zimegoma. Kwa nini?

Jibu lake hulipati ukiwa umesimama dirishani kwa muuzaji wa barabarani. Unalipata mikono ikiwa ndani ya unga, na kwa bahati nzuri Brussels imejaa madarasa mafupi ya kupika wafo kwa ajili ya wageni, mengine yakiwa hatua chache tu kutoka Grand-Place, uwanja mkuu wa mji wa kale. Unajiandikisha mtandaoni, unafika, unapewa aproni, mnagawanywa wawili wawili au watatu watatu kwenye meza. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi mnachanganya, mnachoma na kula mlichopika. Kwa mgeni aliye na asubuhi moja tu mjini, mimi naona hayo ni matumizi bora ya muda kuliko kupanga foleni ya kupiga picha, kwa sababu unaondoka na ujuzi utakaoutumia jikoni kwako.

Jambo la kwanza unalolikuta mezani ni mabakuli mawili. Wengi wetu tumezoea kusoma kwenye menyu za hoteli za Nairobi au Dar es Salaam "wafo ya Kibelgiji", kana kwamba ni kitu kimoja. Wabelgiji wenyewe wana wafo za aina nyingi, na mbili kati ya hizo ndizo mgeni hufundishwa: ya Brussels na ya Liège. Lile jina moja la jumla lilienezwa Marekani. Mwaka 1962 Mbelgiji Walter Cleyman aliuza wafo za Brussels kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle, na mwaka 1964 Mbelgiji mwenzake Maurice Vermersch akaziuza kwenye maonyesho ya New York, zikiwa na krimu na stroberi juu. Vermersch aliona kwamba wateja wengi hawajui Brussels iko wapi, akalitumia jina la nchi. Zile tunazopewa hotelini ni wajukuu wa wafo hizo za New York, na mara nyingi zimepikwa kwa baking pauda badala ya hamira.

Bakuli la Brussels lina rojo jepesi: unga, maziwa, hamira, viini vya mayai na siagi iliyoyeyushwa. Ute wa mayai hupigwa peke yake hadi usimame kama povu gumu, kisha huingizwa polepole kwa mwiko, ukigeuza kutoka chini kuja juu ili povu lisianguke. Hapo ndipo darasani watu huharakisha, na rojo lao hulegea. Wafo hii hutegemea hewa na mvuke. Maji yakichemka na kuwa mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo, ukiwa umebanwa kati ya sahani mbili za chuma, hulisukuma rojo hadi lijaze kila kona. Ndiyo sababu wafo ya Brussels ni nene lakini nyepesi mkononi, kavu na yenye kuvunjika nje. Ni ya mstatili, kingo zake zimenyooka, na wenyeji wengi huila kwa sukari ya unga tu.

Bakuli la Liège lina kinyunya. Kwa unga nusu kilo, siagi inakaribia robo kilo, na sukari ya punje nene nayo ni robo kilo au zaidi kidogo. Kuna mayai, hamira, vanila, maziwa kidogo; baadhi ya wapishi hutia mdalasini. Kinyunya hiki ni kizito, kina mafuta mengi, na kinang'ang'ania vidole. Hakimiminwi kwenye chuma kwa upawa. Hukatwa madonge ya gramu mia hivi na kuwekwa katikati ya sahani, halafu chuma kikafungwa juu yake. Ndiyo maana wafo ya Liège haina umbo kamili: inatanuka hadi inapochoka, kingo zikabaki za mawimbi.

Sasa turudi kwenye sukari. Sukari ina njia mbili za kupotea jikoni, na watu huzichanganya kwa sababu zote mbili tunaziita kuyeyuka. Njia ya kwanza ni maji: sukari hulowa, punje ikasambaratika, kama inavyotokea kwenye chai. Njia ya pili ni joto peke yake: punje kavu huwa kioevu, halafu hubadilika rangi na kuwa karameli. Wafo ya Liège inaifunga njia ya kwanza karibu kabisa, na njia ya pili inaiacha wazi kwenye ngozi ya nje tu.

Tuanze na maji. Punje za sukari hii, ambayo Wabelgiji huiita sukari ya lulu, zina upana wa milimita kadhaa. Tengeneza picha: punje ya sukari ya kawaida ina karibu nusu milimita, chukua nyingine yenye milimita tano. Kwa uzito uleule, sukari ya punje kubwa ina eneo la nje lililo sehemu moja ya kumi tu ya lile la sukari ya kawaida. Maji hula sukari kuanzia nje, kwa hiyo eneo likiwa dogo, ulaji unakuwa wa polepole. Tena kinyunya chenyewe kina maji machache, na yaliyopo yameshikwa na unga. Siagi nayo imezipaka punje mafuta. Ndani ya dakika tatu au nne maji hayapati nafasi ya kuzimaliza.

Hata hivyo, ukubwa wa punje hautoshi ukikosea wakati. Kinyunya hukandwa bila sukari ya lulu, huachwa kiumuke mpaka kijae, na sukari huingizwa mwishoni kabisa. Ukiitia mwanzoni utaona mambo mawili. Sukari nyingi huvuta maji kutoka kwenye unga na hata kutoka ndani ya chembe za hamira, hivyo hamira inapunguza kasi na kinyunya hakiumuki vizuri. Na kadiri saa zinavyopita, kila punje inajizungushia unyevu, kinyunya kinaanza kutoa maji na kuteleza. Darasani ndipo unapogusa tofauti hiyo. Punje zilizotiwa sasa hivi zinakwaruza kiganja unapokunja donge, ncha zake kali, karibu zitoboe unga. Ukiliacha donge hilohilo kwa muda mrefu na kulishika tena, ncha zimekuwa butu na uso wa donge unang'aa kwa unyevu. Mwalimu anayejua kazi yake atakuruhusu ushike yote mawili kabla hajaeleza neno.

Kwa kuwa kuumuka kunataka muda, usishangae ukikuta kinyunya kimeandaliwa mapema kabla hamjafika. Huo si udanganyifu. Kazi yenye kufundisha zaidi huanza pale sukari inapoingia.

Halafu joto. Sahani za chuma hupashwa hadi nyuzi 180 hivi za Selsiasi, kiasi cha chini kidogo kuliko moto wa wafo za Brussels, kwa sababu sukari ikizidishiwa moto huungua na kuwa chungu. Sukari ya mezani huanza kugeuka karameli inapokaribia nyuzi 160 hadi 170. Punje iliyogusana na chuma inafika hapo, inalegea, inatiririka kwenye mashimo ya sahani na kulifunika ganda. Punje iliyo katikati ya donge iko katika hali nyingine kabisa. Maadamu unga wa ndani bado una maji, joto lake halivuki sana nyuzi 100, maana nguvu yote ya ziada inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Nyuzi 100 ziko mbali na nyuzi zinazohitajika ili sukari kavu iyeyuke. Kwa hiyo zile punje za katikati zinalindwa na maji yaleyale ambayo, kama yangepewa muda, yangezimaliza. Mimi hapa ndipo ninapolistahi pishi hili: kinyunya kimepimwa ili maji yatoshe kulinda na yasitoshe kuharibu.

Hilo pia linaeleza kwa nini mwalimu anakukataza kufungua chuma mapema. Mwanzoni mvuke hutoka kwa wingi pembeni, maana unga wa ndani bado ni mbichi na mlaini. Ukinyanyua kifuniko, wafo inachanika katikati, nusu imeng'ang'ania juu na nusu chini. Mvuke ukipungua, ganda limekauka na limekaza, na wafo huachia yenyewe. Wafo ya Liège ikitoka huwa laini na inanata. Iweke kwenye wavu dakika chache ili karameli ikauke na kuwa ngumu. Usiiguse kwa vidole kwanza. Karameli ya moto huganda kwenye ngozi na kuchoma vibaya kuliko maji yanayochemka.

Lakini kwa nini pishi hili lilishamiri Ubelgiji? Vyuma vya wafo ni vya kale sana Ulaya. Katika Zama za Kati walitumia sahani mbili zilizounganishwa kwa bawaba, zenye mikono mirefu ya kushikia juu ya moto, zikiwa ndugu wa vyuma vya kuchomea hostia za kanisani. Wafo zinaonekana hata kwenye mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1559 unaoonyesha mapambano ya sherehe za Kanivali na mfungo wa Kwaresima. Kilichobadilika baadaye ni sukari.

Sisi tumezoea sukari ya miwa, ya Kilombero au ya Mumias. Ulaya nayo ilitegemea miwa ya makoloni. Mwaka 1747 mkemia Andreas Marggraf alionyesha kule Berlin kwamba kiazisukari, mzizi mtamu wa jamii ya bitiruti, kina sukari ileile. Kisha vita vikaharakisha mambo. Mwaka 1806 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipiga marufuku bidhaa za Uingereza barani, manowari za Uingereza zikazuia meli za sukari, bei zikapanda. Mwaka 1811 aliamuru hekta 32,000 zipandwe viazisukari, na eneo la Ubelgiji wakati huo lilikuwa sehemu ya Ufaransa. Zao hilo likazoea udongo wa huko. Mwaka 1836 kiwanda cha sukari kilianzishwa Tienen, mji ulio kwenye njia ya reli kati ya Brussels na Liège, na sukari inatengenezwa hapo hadi leo. Sukari ikawa ya karibu na ya bei nafuu, na ile ya lulu hupatikana kwa kuishindilia sukari iliyosafishwa, kuivunja na kuichekecha kwa ukubwa.

Wenyeji husimulia kwamba wafo ya Liège ilibuniwa na mpishi wa askofu mtawala wa mji huo katika karne ya 18. Ni masimulizi, na viwanda vya viazisukari vilikuwa bado. Ila mimi siyatupi moja kwa moja, kwa sababu sukari ya miwa ya wakati huo iliuzwa ikiwa imegandishwa kwa umbo la pia kubwa, na mpishi alilazimika kuivunja kwa koleo. Mapande ya sukari yasiyolingana yalikuwa kitu cha kawaida jikoni.

Ukirudi nyumbani, sukari ya lulu ni vigumu kuipata dukani. Tumia sukari ya vidonge, ile ya miraba inayowekwa mezani hotelini. Itie kwenye kinu na uigonge kwa mchi taratibu mpaka upate vipande vya ukubwa wa dengu, kisha chekecha na uondoe vumbi lote, kwa kuwa vumbi ndilo linalolowa kwanza na kuharibu kinyunya. Itie baada ya unga kuumuka, kunja madonge, yaache robo saa, choma. Mashine ya umeme yenye mashimo ya kina inafaa, mradi uweze kupunguza moto. Karameli inayobaki kwenye sahani ifute kwa kitambaa kinene chenye unyevu mashine ikiwa bado vuguvugu. Ikipoa kabisa itaganda kama kioo, na kuikwangua kwa kisu kutaharibu sahani.