Pumzi ninayo, ila mbio zinanimaliza: maswali na majibu

Nacheza winga huku Mwanga, Kigoma. Dakika 90 namaliza, ila nikipiga mbio tatu mfululizo miguu inagoma. Kocha anasema sina "anaerobiki". Ndiyo nini?

Ni nguvu ambayo misuli huitoa bila kusubiri oksijeni. Kwanza hutumia akiba ya kreatini fosfeti, kemikali ya nguvu ya haraka iliyomo ndani ya misuli, ambayo kwa mbio kali hupungua sana ndani ya sekunde 10 hivi. Papo hapo sukari nayo huvunjwa haraka, lakteti (zao la sukari hiyo kuvunjwa) na asidi zinapanda, miguu inawaka moto. Ila kocha wako amesema nusu tu: kati ya mbio moja na nyingine, oksijeni ndiyo inayoirudisha ile akiba. Mazoezi ya pumzi usiyaache.

Nasikia uwezo huo hupimwa kwenye mashine ya kukimbilia. Inajuaje?

Haijui moja kwa moja, hukadiria. Njia inayotajwa sana ilielezwa na Medbø na wenzake wa Norwei mwaka 1988. Unavaa barakoa inayopima hewa, unakimbia kwa kasi kadhaa za wastani, na kila kasi inaandikwa imekula oksijeni kiasi gani. Namba hizo hupanda karibu kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo mtaalamu anaurefusha mstari hadi kasi usiyoweza kuihimili kwa pumzi peke yake. Kisha unakimbia kwa kasi hiyo mpaka uishiwe, dakika mbili au tatu.

Tuseme kasi hiyo inadai mililita 70 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, nawe umedumu dakika mbili na nusu. Mahitaji yote ni mililita 175 kwa kilo. Barakoa inaonyesha umevuta 120. Zile 55 ulizokopa ndizo makadirio ya uwezo wako. Mstari ukikosewa kidogo tu, jibu lote linayumba, ndiyo maana njia ya awali ilidai mbio nyingi za dakika 10 kwa siku tofauti.

Jimu ya mtaani haitoshi?

Bila barakoa, hapana. Kalori zinazoonekana kwenye kioo ni habari nyingine kabisa. Ipo njia ya mkato ya Cunningham na Faulkner, ya mwaka 1969: kasi ya karibu kilomita 13 kwa saa, mwinuko wa asilimia 20, unahesabiwa sekunde mpaka ushindwe. Mashine nyingi za jimu huishia asilimia 15. Mimi ningekupeleka mlima wa Lumumba, kutoka stesheni kupanda Mwanga, alfajiri kabla bodaboda hazijajaa. Chagua alama mbili, pima muda wako, rudia baada ya wiki kadhaa. Mililita hutazipata, lakini utajilinganisha na wewe mwenyewe.

Maumivu ya kesho yake ni lakteti?

Hapana. Lakteti hurudi kawaida ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Kinachouma ni misuli iliyochubuka kwa ndani.

Nani asijaribu?

Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia akikimbia, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye homa au aliyetoka kuugua malaria juzi. Mwenye selimundu asifanye bila daktari. Hata anayebeba vinasaba vyake tu, ambaye kwa kawaida haumwi, aanze taratibu, anywe maji na akwepe jua la mchana: kujisukuma hadi mwisho kumewahi kuangusha wanamichezo wa aina hiyo. Ukihisi kizunguzungu au misuli ikilegea ghafla, simama hapohapo uende kituo cha afya.