Dawa kutoka kwa mdudu nondo, inayotengenezwa na bakteria: maswali na majibu

Eti wadudu wana dawa mwilini?
Ndio, na sio stori za vijiweni. Mwaka 1981 huko Sweden timu ya Hans Boman ilieleza walivyomdunga bakteria pupa (hatua kabla hajawa nondo kamili) wa nondo mkubwa wa Marekani, Hyalophora cecropia, mdudu akajibu kwa kumwaga kwenye damu yake protini fupifupi (peptidi) zinazoua bakteria, wakaziita sekropini. Sekropini A ina amino asidi (vipande vinavyojenga protini) 37 tu.

Inauaje?
Yenyewe ina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi, basi inanasa pale inatoboa, vya ndani vinavuja, kwisha habari. Seli zetu kwa nje hazina chaji hasi kiasi hicho ndo maana zinasalimika. Ila sio peptidi zote za wadudu ni wapole hivyo, melitini ya sumu ya nyuki inapasua mpaka chembe nyekundu za damu.

Si wawakamue tu hao nondo?
Utakamua wangapi ndugu yangu? Jeni ya sekropini, yaani maelekezo ya kuitengeneza, inapandikizwa kwenye bakteria aitwaye E. coli, njia ileile ya insulini iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982.

Sasa huyo E. coli si atakufa?
Hapo umeuliza! Ukimpa jeni hivi hivi atajiua, au vimeng'enya vyake vitaikatakata peptidi kabla hujavuna. Kwa hiyo wanaiunganisha na protini nyingine kubwa zaidi, mfano thayoredoksini, ikiwa imeshikana hivyo inatulia kama kisu kwenye ala, bakteria wanazaliana kwenye tangi bila wasiwasi, baadaye wanapasuliwa, wanachuja, halafu kimeng'enya maalum kinakata pale pale kwenye kiungo na sekropini inabaki peke yake. Bado kusafisha sasa, na hapo ndo hela zinapoishia, maana mabaki ya ukuta wa E. coli yakiingia kwenye damu ya mgonjwa hata kidogo tu yanaleta homa na kushusha presha. Halafu sekropini ya nondo ina kijikundi cha kemikali kiitwacho amaidi mkiani ambacho E. coli hawezi kukiweka, inabidi kiongezwe baadaye au waende bila hicho.

Famasi ipo?
Bado. Ndani ya damu vimeng'enya vyetu vinaimaliza haraka, ndo maana wengi wanawazia kwanza dawa ya kupaka kwenye vidonda.

Nikila senene je, nitapata kinga?
Hapana, tumbo linameng'enya peptidi kama nyama nyingine yoyote. Senene kula kwa utamu wake, UTI nenda kapime.