Nyongeza ya virutubishi kwa mama anayenyonyesha: si dawa ya akili

Ukisema tu dukani kwamba unanyonyesha, unasogezewa kopo lenye picha ya mtoto anayecheka: "Chukua hii, mtoto atakuwa na akili." Haya. Nyongeza ya virutubishi ni vitamini, madini au mafuta ya kumeza yanayoziba pengo lililoachwa na chakula. Basi, ndiyo maana yake yote. Pengo lisipokuwepo, hakuna cha kuziba.

Kinachokera ni hii imani kwamba chochote anachomeza mama kinateremka moja kwa moja hadi kwenye titi. Vingine haviteremki hivyo. Madini chuma, kalsiamu, zinki na foliki asidi huingia kwenye maziwa kwa kiwango kilekile, mama awe navyo tele au awe amepungukiwa. Kalsiamu ikipungua mezani, mwili unaichota kwenye mifupa yake. Ndiyo maana vidonge vya kuongeza damu, FEFO (madini chuma na foliki asidi), ambavyo Shirika la Afya Duniani linashauri viendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua pale upungufu wa damu kwa wajawazito unapokuwa tatizo la jamii, ni vya damu ya mama mwenyewe. Chuma chake mtoto alikichukua tumboni, na akaongezewa kidogo kama mkunga hakuharakisha kukata kitovu. Aliyezaliwa kwa wakati na uzito mzuri, akiba hiyo humfikisha kama miezi 6. Kisha ni zamu ya maini, nyama na dagaa waliosagwa. Kidonge cha mama hakishiki nafasi ya maini.

Kundi la pili ni tofauti kabisa: madini joto, vitamini A, vitamini B12, na kolini, kirutubishi kingine cha kwenye chakula. Hapa mama akikosa, maziwa nayo yanakosa. Madini joto hutengeneza homoni za tezi ya shingo, na bila hizo ubongo wa mtoto haukui sawasawa. Anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida zinamtosha 150. Wengi wetu tunayapata kwenye chumvi ya pakiti. Ile inayopimwa kwa kopo sokoni, imeshinda juani na haina lebo, nani ajuaye kama ina kitu? B12 nayo iko kwenye vyakula vya wanyama tu. Mama asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa anaweza kujiona mzima huku ubongo wa mtoto ukidhurika. Huyo nyongeza inamhusu hasa.

Na DHA, mafuta ya samaki yanayosifiwa kwenye makopo? Ni kweli yamo kwenye ubongo, na mama akiyala huongezeka kwenye maziwa. Ila uchambuzi wa 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kumpa anayenyonyesha mafuta hayo kunamwongezea mtoto akili. Kuwemo kwenye maziwa si sawa na kuonekana darasani.

Kwa hiyo, wifi yangu, FEFO ulizopewa kliniki zimalize, damu yako inazihitaji. Hilo kopo liache kwanza dukani. Mweleze muuguzi unachokula wiki nzima na chumvi unayotumia, halafu mwulize nyongeza ipi inakuhusu.